Mwenye ugonjwa wa moyo azae asizae? Historia ya swali lenyewe

Mama zangu, dada zangu, na ninyi shemeji zangu mnaosoma kimya kimya bila kuweka komenti, nawaona. Niko Kilimatinde. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa niko na chai ya rangi na simu yangu.

Baada ya posti zangu za presha ya mimba nimepokea ujumbe mwingi, ila mmoja umenikaa. Dada ameandika kwamba alifanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo akiwa binti. Sasa amepata mchumba, na ndugu wa mchumba wamepata habari. Wamesema mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo hazai, na kama hazai wa nini? Anauliza, nesi, ni kweli?

Dada yangu, jibu lako wewe binafsi atakupa daktari bingwa wa moyo akishakupima, mimi siwezi kukupa kwa simu. Lakini hayo maneno ya mawifi yana historia yake ndefu, ya miaka 150 hivi, na yalianza kwa madaktari wenyewe, tena wasomi. Nimeona niisimulie kwa sehemu. Chukua kiti.

SEHEMU YA 1: KANUNI YA DAKTARI WA PARIS

Miaka ya 1870 kulikuwa na daktari Mfaransa, Michel Peter. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwenye kanuni ya ngazi tatu iliyofundishwa Ulaya kwa miongo mingi. Msichana mwenye ugonjwa wa moyo asiolewe. Aliyekwisha kuolewa asishike mimba. Aliyekwisha kuzaa asinyonyeshe. Basi, dawa yenyewe ilikuwa hiyo, makatazo matatu, yote juu ya mwanamke.

Simlaumu sana. Hakuwa na dawa ya kuzuia ugonjwa wala ya kufungua valvu, na alichokuwa anakiona wodini kilikuwa cha kutisha. Ili umwelewe, inabidi uelewe mimba inaufanyia nini moyo.

Ukiwa mjamzito damu mwilini haibaki ileile. Inaongezeka taratibu mpaka karibu nusu zaidi ya uliyokuwa nayo, na ongezeko hilo linafikia kilele kwenye wiki ya 28 mpaka 32 hivi. Moyo mzima unaimudu kazi hiyo. Sasa chukua moyo ambao mlango wake mmoja, ule wa upande wa kushoto katikati ya chumba cha juu na cha chini, umeingia makovu na haufunguki vizuri. Ni kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua, unausukuma unafunguka robo tu. Damu imeongezeka, mlango ni uleule mwembamba. Damu inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu, na maji yanaanza kuvuja humo. Mama anashindwa kulala chali. Anaamka usiku kukaa kitandani anahema. Mwishoni anakohoa povu lenye rangi ya damu.

Ndiyo maana wengi wa wanawake hawa hawakufa mwezi wa pili wala wa tatu. Walikuwa wanaonekana wazima, wanapika, wanafua, halafu mimba ikishakuwa kubwa, au kwenye uchungu, au baada ya mtoto kutoka, mambo yanabadilika kwa saa chache. Daktari asiye na kipimo aliona jambo moja tu, kwamba mimba imeua. Akakataza mimba.

SEHEMU YA 2: DAKTARI WA MTAANI ALIYEKATAA KURIDHIKA

Hapa ndipo napapenda.

James Mackenzie alikuwa Mskoti, amezaliwa 1853. Hakuwa bingwa wa hospitali kubwa. Alikuwa daktari wa kawaida katika mji wa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya pamba, anazunguka majumbani kutibu homa na kuzalisha. Mwanzoni mwa kazi yake, karibu mwaka 1880, alikuwa anamhudumia mama kijana aliyekuwa kwenye uchungu. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa ule mlango wa kushoto. Katikati ya uchungu akabanwa pumzi ghafla, akafa.

Wewe ambaye umewahi kukaa leba unajua zamu ya namna hiyo. Wengi wangejifariji kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, kesho kuna wagonjwa wengine. Mackenzie alikwenda kwenye vitabu kutafuta ni ishara gani ingemwambia mapema kwamba mama huyu atashindwa. Hakupata. Vitabu vilimwambia sikiliza mlio wa moyo, ukisikia sauti isiyo ya kawaida, huyo ni mgonjwa. Lakini yeye mtaani kwake alikuwa na akina mama wenye sauti zisizo za kawaida kifuani, na wameshazaa watoto watano, wako sokoni.

Basi akaanza kuwafuatilia. Si wiki mbili, miaka! Hiyo ndiyo faida ya daktari wa mtaani: mgonjwa wake anamjua tangu usichana, anamzalisha, anamwona akizeeka. Akatengeneza, kwa msaada wa fundi saa wa hukohuko, kifaa cha kuandika mapigo ya mkono na ya mshipa wa shingo kwa wakati mmoja kwenye karatasi. Kwa kifaa hicho akaanza kutofautisha moyo unaoruka pigo bila madhara na moyo uliopoteza mpangilio kabisa. Yote hayo anayafanya baada ya saa za kazi, katika mji ambao hakuna aliyetegemea utafiti utoke.

Mwaka 1921 alitoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa wa moyo na ujauzito, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo cha yule mama. Hoja yake kubwa naweza kuieleza kwa maneno yangu hivi: usiulize tu kama moyo una mlio, uliza unaweza kufanya kazi gani. Mama anapanda ngazi bila kukata pumzi? Anafanya kazi zake za nyumbani? Mapigo yako sawasawa? Mlango umebana kiasi gani? Wako wanawake ambao mimba ni hatari kubwa kwao na lazima waambiwe ukweli, na wako wengi waliokuwa wanakatazwa kuolewa bila sababu ya maana.

Mackenzie alifariki 1925, naye kwa ugonjwa wa moyo.

Mpaka leo maswali yake ndiyo tunayouliza. Nesi akikuuliza "unalalia mito mingapi?" usidhani anapiga soga. Mama aliyekuwa analalia mto mmoja, sasa anataka mitatu au analala amekaa, anatuambia habari za mapafu yake. Na hapa kuna mtego, maana mjamzito yeyote anachoka, miguu inavimba kidogo, pumzi inakuwa fupi. Ni kawaida. Lakini kuamka usiku kutafuta hewa dirishani, kuzimia, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, kukohoa usiku ukilala, hayo usikubali mtu akuambie "ni mimba tu hiyo, na mimi nilikuwa hivyo". Hata akiwa mama mkwe. Hata akiwa nesi mwenzangu.

SEHEMU YA 3: KIDOLE, MASHINE YA MELI, NA PUTO

Mwaka uleule wa 1925, London, daktari wa upasuaji Henry Souttar alifungua kifua cha binti aliyekuwa na ugonjwa wa mlango huohuo wa kushoto, akapitisha kidole chake ndani ya moyo unaodunda, akaupanua mlango. Kidole, jamani! Binti akapona upasuaji, akaishi miaka kadhaa. Unadhani Souttar alisifiwa? Madaktari wenzake hawakumpelekea mgonjwa mwingine. Wazo lililokuwepo ni kwamba moyo si kitu cha kuguswa. Ikapita zaidi ya miaka 20, mpaka 1948, ndipo Charles Bailey kule Philadelphia, Dwight Harken kule Boston na Russell Brock hapo London wakarudia kazi hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Wagonjwa wa kwanza wa Bailey walikufa kabla hajafanikiwa.

Halafu ikafika 1952, zikaanza kuandikwa taarifa za wanawake waliofunguliwa mlango wa moyo wakiwa na mimba tumboni na wakajifungua. Kanuni ya Michel Peter ilianguka hapo. Kwa mara ya kwanza daktari akikutana na mjamzito anayezama kwenye maji ya mapafu yake mwenyewe, alikuwa na kitu cha kufanya.

Lakini kuufungua mlango ni jambo moja, kuuona kabla hujapasua ni jingine. Mwaka 1953 Sweden, daktari Inge Edler alikuwa na shida hiyo hasa, ajue mlango umebana kiasi gani bila kufungua kifua. Akashirikiana na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Hertz akaazima mashine kwenye kiwanda cha meli mjini Malmö, mashine ya kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Wakaielekeza kifuani. Ndiyo bibi wa kipimo cha eko tunachokijua, ile ultrasaundi ya moyo, na inatumia sauti, sio mionzi, kwa hiyo mjamzito anapimwa bila hofu. Nikiona mama anaogopa eko "itamchoma mtoto" huwa namsimulia habari za meli. Anacheka, anapanda kitandani.

Na puto. Miaka ya 1980 mwanzoni, daktari Mjapani Kanji Inoue alitengeneza puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo, likifika mlangoni linajazwa, mlango unapanuka, puto linatolewa. Kifua hakifunguliwi. Si kila valvu inafaa kwa puto, iliyojaa chokaa au inayovujisha sana haifai, ila kwa mjamzito ambaye dawa zimeshindwa na mlango wake unafaa, ni njia iliyookoa wengi.

SEHEMU YA 4: SASA TURUDI HUKU KWETU

Kuna mtu ameuliza kwenye komenti: haya mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, tena kuliko wao sasa hivi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba homa inayoharibu valvu, ile ya rumatiki, ni ugonjwa wa nchi za baridi, huku kwenye joto ni adimu. Kilimatinde yetu wakati huo ilikuwa na boma la Wajerumani, mahali panapojulikana kwenye njia ya misafara ya Ugogo. Reli ya kati ikapita Manyoni, ikafika Tabora 1912, sisi tukabaki huku ukingoni mwa Bonde la Ufa. Fikiria mama wa hapa miaka hiyo, amezaa salama, siku ya tatu anavimba, anakosa pumzi, anakufa. Nani angemfungua kuangalia valvu? Wangesema uzazi mbaya, au amefanyiwa mkono wa mtu. Kwenye vitabu vya madaktari ugonjwa ungeendelea kuwa adimu.

Waliokuja kuyaona magonjwa ya moyo ya Afrika Mashariki kwa wingi walikuwa madaktari wa Mulago, Kampala. Mwaka 1948 mtaalamu wa maiti wa pale, Jack Davies, alieleza ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo inaota makovu, ugonjwa ambao Ulaya hawakuwa wakiuona. Na pembeni yake valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki zilikuwepo, hazikuwa adimu hata kidogo.

Zinaharibikaje? Mtoto anaumwa koo, mafindofindo, kwa sababu ya aina fulani ya bakteria. Asipotibiwa vizuri, mwili katika kupambana na bakteria unaweza kuanza kushambulia viungo vyake wenyewe, magoti yanavimba na kuuma kwa kuhamahama, na moyo unaguswa. Ikijirudia mara kadhaa, valvu zinapata makovu. Magoti yanapona, watu wanasahau. Miaka kumi na tano baadaye mtoto huyo ni bibi harusi.

Hapa naomba niseme jambo na mnivumilie, bibi zangu. Kukata kimeo hakutibu koo. Nimeuguza watoto walioletwa wakivuja damu baada ya kukatwa kimeo, na bakteria wako palepale kooni. Mtoto mwenye homa na koo linalouma kumeza aende zahanati. Akihitaji penisilini, amalize dozi.

Ulaya na Marekani ugonjwa huu umepungua mno, kwa nyumba zisizosongamana na kwa penisilini. Kwetu umebaki, na wanawake ndio tunaoupata zaidi, tena unatukuta katika umri wa kuzaa.

Sasa chukua kadi yako ya kliniki ya wajawazito. Kuna mahali panauliza ugonjwa wa moyo. Nesi anakuuliza, unajibu hapana, anaandika hapana, mnaendelea. Watafiti Kampala walichukua wajawazito zaidi ya 3,500 wakawapima eko wote, wenye dalili na wasio na dalili. Kati ya kila mia, karibu wawili walikutwa na ugonjwa wa moyo, na sehemu kubwa ulikuwa wa rumatiki. Karibu wote hawakuwa wanajua. Yaani kila mmoja angeulizwa angejibu hapana, na asingekuwa anadanganya.

Mimi nikisoma hilo nilifikiria ile kanuni ya Paris. Kumkataza msichana mgonjwa kuolewa kunasaidia nini, kama msichana mwenyewe hajui kuwa ni mgonjwa? Anayekataliwa na mawifi ni huyu dada yetu aliyekwisha kupimwa, akapasuliwa, ana kadi ya hospitali na tarehe za kurudi. Mwenye hatari zaidi yuko pembeni anapigiwa vigelegele.

Kwa hapa nyumbani, zamani mgonjwa wa valvu alikuwa na njia moja, asubiri kupelekwa nje, wengi India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Muhimbili. Sisi wa Manyoni tuna bahati kidogo, hospitali ya Benjamin Mkapa ipo Dodoma na ina mabingwa wa moyo, si lazima ufike Dar es Salaam kwa kila kitu. Ni mbali bado. Nauli ni nauli, na mama anaacha watoto nyumbani. Shemeji zangu, hapo ndipo mnapohitajika, kuuza mbuzi mmoja mapema kuliko kukodi gari usiku wa manane.

SEHEMU YA 5: LEBA, NA SIKU TATU BAADA YAKE

Wengi wanaamini mwenye ugonjwa wa moyo lazima apasuliwe tumbo. Hapana. Kwa wengi wao njia ya kawaida ni salama zaidi, kwa sababu upasuaji nao una damu yake, usingizi wake na maambukizi yake. Tunachofanya ni kumlaza akiwa ameinuliwa mgongo na kugeukia ubavu, kumpunguzia maumivu, kuchunga maji ya dripu yasizidi, na mtoto akikaribia, daktari anaweza kumvuta kwa kifaa ili mama asisukume muda mrefu.

Mtoto katoka, kila mtu anashangilia. Kwetu sisi wauguzi hapo ndipo macho yanapofunguka. Kondo likishatoka mfuko wa uzazi unajikaza, na ile damu iliyokuwa inazunguka kwenye mfuko inarudishwa mwilini kwa mpigo. Moyo wenye mlango mwembamba unapokea mzigo mkubwa kuliko wote. Kuna sindano maarufu ya kuzuia damu kutoka, ergometrini, iliyopatikana 1935 na kuokoa wanawake wasiohesabika duniani. Lakini inabana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo kwa mama mwenye ugonjwa wa moyo tunaiepuka, tunatumia oksitosini taratibu. Ndiyo sababu tunataka kujua habari za moyo wako kabla hujapanda kitanda cha leba. Ukificha kwa sababu mama mkwe yupo mlangoni, omba atoke kwanza, utuambie.

Saa 24 za kwanza ndizo mbaya zaidi, na tunaendelea kuwa na wasiwasi mpaka siku ya tatu. Ukiambiwa ubaki wodini, baki, hata kama nyumbani wamechinja.

Na wako ambao moyo wao ulikuwa mzima kabisa, kisha misuli yake ikalegea mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kuzaa. Huo ni ugonjwa mwingine, hauhusiani na koo. Ukiwa kwenye arobaini na miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, pumzi inakata ukienda chooni tu, njoo na mtoto wako mgongoni, usisubiri arobaini iishe.

Dada uliyeniandikia, kwako nina machache. Kama ulibadilishiwa valvu ya chuma, bila shaka unameza warfarini kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, lakini ukiiacha mwenyewe damu inaweza kuganda kwenye valvu na ukapotea wewe. Kwa hiyo nenda kliniki ya moyo KABLA ya mimba, wapange dawa na dozi. Waoneshe na dawa nyingine zote, maana enalapril na losartan nazo hazitakiwi ukiwa mjamzito. Wakati unasubiri majibu, tumia uzazi wa mpango. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili havikufai kwa sababu vinaongeza kuganda kwa damu, ila kijiti cha mkononi wengi wanakitumia vizuri. Na uende na mchumba. Mwache amsikie daktari mwenyewe.

Mlioniuliza kuhusu sindano ya penisilini ya kila mwezi kwa watoto: ndiyo, inafanya kazi. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao eko ilionesha dalili za mwanzo walifuatiliwa miaka miwili. Waliochomwa sindano, asilimia 0.8 ndio ugonjwa ulisonga mbele. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Inauma, najua, hata mimi nikiichoma mtoto ananiangalia kama adui. Wiki ijayo nitaandika namna ya kumwandaa mtoto kwa sindano hiyo na nini cha kumpa akitoka.